Ushanga Kwenye Waya

Kazi iliingia saa nne usiku. Maswali manne, dola 24, dedilaini saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna waandishi wa kila aina: wa uuguzi, wa usimamizi wa biashara, hata mmoja anayeandika historia ya Marekani kama aliyezaliwa huko, ilhali hajawahi kuvuka Namanga. Lakini mada ya kazi hii ilipotajwa, grupu zima likanyamaza. Mekanika ya kikale, mwaka wa tatu. Dakika kumi zikapita. Mtu akatuma ile emoji ya jeneza. Nikaandika, "Nitafanya mimi."

Kwa asiyeijua biashara hii: mwanafunzi wa ng'ambo ana kazi ya darasani asiyotaka kuifanya, analipa, na kijana fulani kwenye bedsita ya Kahawa Wendani anamfanyia. Jina linalowekwa juu si la kijana. Si kazi ya kujivunia na sikuja hapa kuitetea. Nilikuwa na deni la nyumba. Ila kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwaambia watu wa grupu: somo hilohilo ndilo lililonitoa chuoni. Sawa, karo pia ilichangia, na nikiwa mkweli kabisa uvivu wangu ulichangia. Lakini ukiniuliza ni mlango upi nilitokea, nitakuonyesha huo.

Kwa hivyo usiku ule nilifungua vitabu vitatu ambavyo nilikuwa navyo kwenye laptop tangu enzi za chuo na ambavyo sikuwa nimevisoma, nilikuwa nimevipakua tu, na tofauti ya hayo mawili unaijua. Kitabu cha Herbert Goldstein, kilichotoka mara ya kwanza 1950. Kile cha Landau na Lifshitz, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 1960. Na cha John Taylor, cha 2005. Tangu usiku huo nimevirudia mara nyingi bila mtu kunilipa, na ninataka kuvihakiki hapa kama vinavyohakikiwa vitabu vingine. Majarida ya fasihi hayagusi vitabu vya fizikia, na sielewi kwa nini. Sijui riwaya yoyote ambayo imewaliza vijana wengi wa nchi hii kuliko kitabu cha kiada.

Naanza na Goldstein kwa sababu ndiye niliyekutana naye kwanza, bila kujua ni yeye. Chuoni alitujia kama handauti: fotokopi ya fotokopi ya noti ambazo mhadhiri wetu aliandika zamani, naye alikuwa amezitoa kwenye Goldstein karibu neno kwa neno. Niligundua hivyo usiku ule tu. Nilikuwa nasoma ukurasa, na sentensi zikanirudia kama sauti ya mtu niliyewahi kuishi naye.

Sasa, Goldstein ni kitabu kizuri. Hilo liseme mapema. Lakini kiliandikwa kwa wanafunzi wa shahada za juu nchini Marekani, watu ambao tayari wamesoma mekanika mara moja na sasa wanaandaliwa kuingia kwenye fizikia ya kwanta. Sura ya kwanza peke yake inapitia kanuni za Newton, inaingia kwenye kanuni ya d'Alembert, na kabla hujameza mate uko kwenye milinganyo ya Lagrange. Kwa aliyekwisha kupita njia hiyo, ni matembezi ya kukumbushana. Sisi tulipewa kama safari ya kwanza, tena usiku, tena bila viatu.

Kilichonishinda zaidi ni sauti yake. Vitabu vya aina hii vina msemo mmoja unaojirudia: inaweza kuonyeshwa kwamba. Au: ni rahisi kuona kwamba. Au ule mbaya kuliko yote: inaonekana wazi kwamba. Nimewahi kukaa jioni nzima kati ya mstari mmoja na mstari unaofuata, mahali ambapo kitabu kilikuwa kimesema inaonekana wazi.

Kiswahili kina namna ya kukamata ujanja huu. Tuna "kikombe kimevunjwa," na ukisikia hivyo una haki ya kuuliza, kimevunjwa na nani? Halafu tuna "kikombe kimevunjika." Hapo huwezi kuuliza na nani, sarufi yenyewe imemfukuza aliyevunja. Kila mtoto aliyelelewa na Kiswahili anajua tofauti hii kabla ya kwenda shule. Mama akiingia jikoni akakuta vipande sakafuni, hakuna mtoto atakayemwambia "kimevunjwa." Kimevunjika, Mama. Chenyewe.

Basi vitabu vya mekanika vinaongea kama mtoto aliyesimama juu ya vipande. Inaonyesheka. Inapatikana. Inatokea kwamba. Mtu fulani alikaa mezani akatoa jasho, akafuta, akakosea alama ya kutoa, akarudia, mpaka mlinganyo ukatulia. Kisha akaandika kana kwamba mlinganyo ulijiokota wenyewe kutoka chini. Nikiwa na miaka 20, nilichosoma katika sauti hiyo ni kwamba kila mtu mwingine darasani anaona wazi, na mimi sioni. Nilichofanya ni kile wengi wetu tulifanya: nikakariri. Kwenye mtihani tuliombwa kutoa milinganyo ya Hamilton tangu mwanzo, nikaimwaga kama shairi la darasa la nne, nikaruka ubeti wa katikati, na ubeti wa mwisho ukakosa kukaa. Waliobeba mwakenya walipita. Sisemi hivyo kwa uchungu, walikariri kwenye karatasi badala ya kichwani, hiyo tu ndiyo tofauti.

Kuna sehemu moja ambapo Goldstein anavua koti. Mwishoni mwa sura, kwenye chapa za zamani, anaorodhesha vitabu vingine vya kusoma na kutoa maoni yake kuhusu kila kimoja: hiki kinafaa, hiki kizito, yule alieleza vizuri zaidi. Ghafla kuna mtu kwenye chumba. Mhakiki, kwa kweli, na mhakiki mzuri. Kurasa hizo hazikuwahi kuingia kwenye handauti yetu, bila shaka, kwa sababu haziji kwenye mtihani.

Swali la tatu la ile kazi ndilo lililonifunga mpaka alfajiri, na bila kulieleza siwezi kusema ninachotaka kusema kuhusu vitabu hivi. Chukua waya, ukunje uwe kitanzi cha duara, kama bangili kubwa. Tia ushanga mmoja ambao unaweza kuteleza kwenye waya. Simamisha kitanzi wima, halafu kizungushe kwa kasi isiyobadilika kwenye mhimili unaopita juu na chini, kama sarafu inavyozunguka mezani. Ushanga utakaa wapi?

Ukizungusha polepole, ushanga unakaa chini kabisa, na hata ukiusukuma kidogo unarudi. Hakuna la ajabu. Lakini ukizidi kuongeza kasi, inafika mahali ambapo chini si mahali pa kukaa tena. Ushanga unapanda upande mmoja na kutulia kwenye pembe fulani, hewani, juu ya waya. Kwa kitanzi chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, hapo mahali ni mizunguko 1.6 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo, chini. Juu ya hapo, ushanga unapanda. Ukifikisha mara mbili ya kasi hiyo, unatulia kwenye pembe ya nyuzi 75 na nusu kutoka chini, karibu usawa wa katikati ya kitanzi. Uwe ushanga mzito au mwepesi, ni sawa. Uzito unajifuta kwenye hesabu. (Najua unachofikiria. Ushanga unakaa chini mpaka hasoli izunguke vya kutosha. Tafadhali. Wahubiri wa motisha wa TikTok wanatutosha.)

Ukilifanya swali hili kwa njia ya Newton, lazima uandike kila kani, yaani kila kinachosukuma au kuvuta. Kuna mvutano wa ardhi, huo unaujua. Halafu kuna waya. Waya unausukuma ushanga kuelekea katikati ya kitanzi, kwa kiasi usichokijua. Tena waya unausukuma upande, kwa sababu unazunguka nao, kwa kiasi kingine usichokijua. Unaandika milinganyo mitatu yenye vitu usivyovijua, na nusu ya kazi yako ni kuvihangaikia hivyo viwili ambavyo swali halikukuuliza.

Lagrange alisema: viache. Ushanga umefungwa kwenye waya, hauna uhuru wa kwenda kokote ila mbele na nyuma juu ya waya huo. Kwa hiyo pembe moja inatosha kusema uko wapi. Andika nishati yake ya mwendo kwa kutumia pembe hiyo, toa nishati ya mahali ulipo juu ya ardhi, pitisha hiyo tofauti kwenye mlinganyo mmoja, na jibu hilo hapo. Misukumo ya waya haitokei hata mara moja. Mistari mitano. Nilipoimaliza ilikuwa saa tisa usiku, na nilifanya kitu ambacho ni aibu kusema: nilisimama. Nikiwa peke yangu chumbani, nikasimama tu. Miaka miwili nilikuwa nimeamini mimi ni mjinga, na mistari mitano ilikuwa imekaa pale kwenye daftari, kwa mwandiko wangu.

Joseph-Louis Lagrange alizaliwa Turin mwaka 1736. Alikuwa na miaka 19 alipomwandikia Euler, mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa wakati huo, kumweleza njia mpya aliyoigundua ya kutafuta mikunjo bora kati ya yote inayowezekana. Euler akamjibu kwa sifa. Kitabu chake kikuu cha mekanika kilichapishwa Paris mwaka 1788, na utangulizi wake una majigambo ambayo kila mwalimu wa fizikia anapenda kuyasimulia: kwamba msomaji hatakuta mchoro wowote ndani yake. Hakuna duara, hakuna mshale, hakuna picha ya mteremko wenye tofali. Aljebra mwanzo mwisho.

Nilipokuwa chuoni, hadithi hiyo ilitolewa kama ushindi. Na ni ushindi. Newton mwaka 1687 alijaza kitabu chake michoro ya jiometri ambayo hata wasomi walihangaika nayo, na hapa kuna mtu anayekupa njia moja inayofanya kazi kwenye pendulamu, sayari na pia inayozunguka, bila kuchora. Lakini nikiwa mhakiki sasa na si mwanafunzi, nasikia kitu kingine katika majigambo hayo. Mchoro ndipo mahali ambapo kani zinaonekana. Ukichora ushanga, utalazimika kuchora mshale wa waya unaosukuma upande. Usipochora, hakuna mtu atakayeuliza.

Na ule mshale una maana. Ushanga unapopanda kutoka chini, unapata nishati. Imetoka wapi? Si kwa mvutano wa ardhi, huo unauvuta chini. Imetoka kwa mota inayozungusha kitanzi, kupitia ule msukumo wa pembeni ambao tuliamua kutouandika. Ukifanya hesabu ya Hamilton utapata kiasi fulani kisichobadilika kamwe, kizuri, kisafi, na mwanafunzi aliyekariri ataandika "nishati imehifadhiwa" na atakosa, kwa sababu kiasi hicho hapa si jumla ya nishati ya ushanga. Nishati yenyewe inabadilika. Kuna mtu analipa bili ya stima na jina lake halimo kwenye mlinganyo.

Wakati huo wa usiku, nikiwa na jina la mtu mwingine juu ya ukurasa, nilielewa hilo upesi kuliko nilivyoelewa kitu chochote chuoni.

Ila niwe na haki kwa Lagrange, kwa sababu yeye hakuvunja kikombe akakimbia. Ndani ya njia yake kuna kipengele cha kurudisha ulichokificha, kinaitwa vizidishi vya Lagrange. Ukitaka kujua waya unasukuma kwa kiasi gani, ruhusu ushanga, kwa hesabu tu, kuacha waya. Kisha ulipe kwa kuongeza kizidishi kimoja kwa kila kizuizi ulichokifungua. Vile vizidishi vinapotatuliwa, vinakuambia kani zilizokuwa zimefichwa. Kwenye ushanga wetu, msukumo wa pembeni ni sifuri ukiwa umetulia, na unatokea pale tu ushanga unapoteleza. Yaani njia yenyewe inakiri: niliwaweka kando hawa, wakitakiwa wapo. Ni uaminifu ambao siuoni katika nathari ya vitabu vilivyoandikwa kuihusu. "Inaonekana wazi" haina kizidishi. Huwezi kuitatua ikakupa jina la aliyehangaika.

Landau na Lifshitz ni jambo jingine kabisa. Kurasa 170 hivi, kitabu unachoweza kubeba kwenye mfuko wa koti. Watu wa fizikia wana utani kwamba ndani yake hakuna neno hata moja la Landau wala wazo hata moja la Lifshitz. Sijui kama ni haki kwa Lifshitz, lakini utani wenyewe unasema kitu kuhusu kazi na jina, na naushuku kwa sababu hiyo.

Kitabu kinafunguka kama amri. Hakuna Newton, hakuna kani, hakuna mpira unaoanguka. Ukurasa wa pili tu unaambiwa kwamba kila mfumo una kiasi kinachoitwa Lagranjia, na kwamba mwendo halisi ni ule unaofanya jumla ya kiasi hicho, kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, kuwa ndogo kabisa. Basi. Ukitaka kujua kwa nini, endelea kusoma. Na ukiendelea kuna zawadi: Landau anauliza, chembe moja peke yake katika anga tupu, Lagranjia yake inaweza kuwa nini? Anga ni sawa kila mahali, kwa hivyo haiwezi kutegemea mahali ilipo. Anga ni sawa kila upande, kwa hivyo haiwezi kutegemea inaelekea wapi. Kinachobaki ni kasi, na ukiongeza kwamba sheria ni zilezile kwa aliyesimama na kwa anayesafiri kwa mwendo usiobadilika, unabaki na kasi mara kasi, mara namba fulani. Namba hiyo, nusu ya kitu fulani. Hicho kitu ndicho tungamo. Tungamo linaingia kwenye hadithi kama namba tu iliyobaki mezani baada ya kila kitu kingine kukataliwa. Hata kwamba haliwezi kuwa chini ya sifuri, anakuonyesha kwa nini.

Nilisoma hizo kurasa mara tatu mfululizo. Sijui nathari nyingine ya sayansi inayofanya mengi hivyo kwa maneno machache hivyo. Na bado nasema: usimpe mtu anayeanza. Ni kitabu bora kuliko vyote kwa msomaji ambaye hakihitaji. Landau aliwawekea vijana waliotaka kufanya kazi naye mfululizo wa mitihani aliouita kiwango cha chini cha nadharia. Kati ya 1934 na 1961, waliopita walikuwa 43. Kitabu kinasikika hivyo. Kimeandikiwa wale 43. Mlango upo, ni mzuri, na umefungwa kwa heshima.

Taylor ndiye niliyemtarajia kidogo kuliko wote. Karibu kurasa 800, na kwenye jalada kuna ile picha maarufu ya 1895 ya treni iliyotoboa ukuta wa stesheni ya Montparnasse, Paris, ikaning'inia kwa pua hadi barabarani. Nikasema haya, mcheshi. Lakini ndani kuna mtu. Anasema kabisa: hapa wanafunzi huchanganyikiwa, mimi ningefanya hivi. Maswali yana nyota, moja hadi tatu, ili ujue kama unahangaika kwa sababu swali ni gumu au kwa sababu umelala. Ni kitu kidogo, nyota, na nakuapia kingeniokoa. Mwaka ule wa tatu sikuwahi kujua ni lini ugumu ulikuwa wangu na ni lini ulikuwa wa swali.

Ana pendulamu iliyoning'inizwa ndani ya behewa la treni linaloongeza mwendo, na nilipoisoma nikaona kile kiatu kidogo cha mtoto kinachoning'inia kwenye kioo cha dereva wa matatu za Thika Road. Dereva akikanyaga mafuta, kiatu kinalala nyuma. Kama matatu inaongeza mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kinalala kwa nyuzi 11 na nusu hivi, iwe ni kiatu au rozari. Nimekaa kiti cha mbele mara nyingi tangu hapo nikipima kwa jicho. Makanga mmoja aliniuliza kama nataka kukinunua.

Lakini Taylor ana makosa yake, na hayatokani na ukali. Yeye ni mwema kupita kiasi. Unapita zaidi ya kurasa 200 za Newton, ngazi kwa ngazi, kabla Lagrange hajaruhusiwa kuingia chumbani, na kwa muhula wenye mgomo katikati, kurasa hizo 200 ndizo muhula mzima. Wengi watakishika kitabu hiki na kuondoka bila kukutana na mtu waliyekuja kumwona. Halafu kuna hili: ile sehemu ya vizidishi, ile inayorudisha kani zilizofichwa, Taylor ameiweka mwisho kabisa wa sura ya saba na kuitia alama ya zile sehemu ambazo msomaji anaweza kuziruka. Namwelewa. Ratiba ni fupi. Lakini katika sura nzima, hiyo ndiyo kurasa ambazo zinajibu nani alilipa, na ndizo anazotuambia si lazima.

Vitabu vyote vitatu vina ushanga au ndugu yake wa karibu. Hakuna hata kimoja kinachokuambia uende ukauzungushe. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchomelea mageti pale chini ya ploti yetu, asubuhi iliyofuata, nikiwa sijalala. Nilikuwa na waya wa henga na ushanga wa plastiki. "Shikamoo fundi, naomba dakika tano na drili yako." Akaniangalia. "Kijana, hiyo ni ya kutoboa nini?" Nikamwambia si ya kutoboa. Tukafunga shina la waya kwenye meno ya drili, kitanzi kikining'inia chini, akabonyeza kidogo. Ushanga ukakaa chini. Akabonyeza zaidi. Waya ulikuwa na mikwaruzo, ukakataa, tukapaka mafuta ya kula. Akabonyeza tena, na ushanga ukapanda ghafla, ukasimama pembeni hewani ukitetemeka. Fundi akacheka kwa sauti. Akaachilia, ukaanguka. Akabonyeza, ukapanda. Alifanya hivyo labda mara 15, wateja wakingoja. Halafu akasema kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kukisema darasani kwetu: "Inavuta kidogo ikipanda. Unaisikia kwa mkono."

Alikuwa anausikia ule msukumo wa pembeni, ama labda ni waya wangu uliokunjika vibaya. Kwa ushanga mwepesi hivyo, nikikaa chini na kupiga hesabu, ni waya. Lakini alikuwa amejua pa kutafuta.

Kazi ile niliituma saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya hayo ya fundi. Kwa sababu nilikuwa nimelewa Lagrange, niliandika yote kwa aljebra, safi, bila mchoro hata mmoja, nikajiona mtu wa 1788. Jioni ujumbe ukarudi kupitia akaunti. Mteja anaomba marekebisho, bila malipo ya ziada, kama sheria za akaunti zinavyosema. Hesabu iko sawa. Ila mwalimu wake ameagiza mchoro kwenye swali la tatu, uko wapi?

Nikachukua rula na bilauri kwa ajili ya duara. Nikachora kitanzi, mhimili, pembe, ushanga, mshale wa mvutano wa ardhi. Halafu nikachora mshale wa pembeni, ambao swali halikuomba na jibu halikuutumia, nikaukoleza kwa bic, nikapiga picha, nikatuma.